Kidole Kisichopakwa Piko

Kwenye hitima ya arobaini ya marehemu, mwanamume mmoja aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikawa ngumu alipewa nafasi aseme neno. Akasema marehemu alikuwa mama mpole, mtiifu, asiyependa makuu. Upande wetu wa wanawake kuna aliyecheka kwa pua. Mimi sikucheka. Mwaka marehemu alipogombea udiwani, mtu huyo alikuwa wakala wa mpinzani wake ndani ya chumba cha kupigia kura, na maneno yake ndiyo yaliyomwangusha. Sasa anakula pilau ya hitima yake na kumsifu upole. Nikasema moyoni nisipoandika mimi, watoto wetu wataletewa huyo mama mpole, na yule niliyemjua atakuwa amezikwa mara mbili.

Sisi tulimwita Somo. Kwetu somo ni mwanamke anayekabidhiwa msichana akivunja ungo, akae naye ndani, amfunde, kisha amtoe nje akiwa mtu mzima. Huku kwenye delta ya Rufiji, kisiwani kwetu, alikuwa somo wa karibu nusu ya wanawake wote, nami nikiwamo. Pia ndiye aliyewapamba maharusi. Alichora hina miguuni na mikononi, kisha akachovya kila kidole kwenye piko mpaka pingili ya kwanza, kikawa cheusi tititi. Kwa kuwa alikuwa akipamba karibu kila wiki, vidole vyake mwenyewe havikuwa na rangi nyingine. Nilipokuwa mdogo nilidhani amezaliwa navyo hivyo.

Mpole hakuwa. Alitufunda watano kwa mpigo, na fimbo yake ya mkoko ilikuwa imesimama pembeni ya mlango, haijawahi kumpiga mtu lakini haikuondolewa. Alitufundisha kumpokea mume mzigo, kumpa maji tumepiga goti, kunyamaza akiwa na wageni. Mimi, niliyekuwa nimekwisha kuonja sekondari, nilimuuliza kwa nini nipige goti ilhali miguu ni yangu. Akaniambia goti ni adabu na adabu haimpunguzii mtu kitu. Kisha akatandika jani la mgomba sakafuni, akachora visanduku kwa mkaa, na kutufundisha kupiga kura.

Ndiyo, humo humo ndani, baina ya somo la usafi na somo la unyumba. Weka alama ya vema ndani ya kisanduku, usiguse mstari. Kunja kwa urefu kwanza, usikunje kwa upana, la sivyo wino unahamia kwa jirani na kura yako inaharibika. Tulikunja majani mpaka vidole vikawa vya kijani. Aliyekosea alirudia, na mwenzetu mmoja mwenye kicheko cha haraka, ambaye nitamtaja tena, alirudia mara saba.

Somo zima la siasa alilifunga kwa maneno machache. Tulikatazwa kuyasema nje mambo ya ndani, tulijua hivyo tangu siku ya kwanza. Akasema kura nayo ni ya ndani. Mume akikuuliza umempa nani, mjibu kwamba uliyofundwa na somo wako hayasemwi. Hakuna mwanamume wa kwetu anayeweza kubishana na jibu hilo, maana hata mama yake mzazi hakumwambia ya huko.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu niwe mwalimu. Watu wa semina huja kutoka mjini na mabango yao kutueleza kwamba mwanamke ana haki ya kura ya siri, wanapiga picha, wanaondoka na boti ya saa nane. Somo hakuwa na bango. Alichukua siri ambayo wanaume walikuwa wameshaiheshimu miaka yote, akaificha kura ndani yake. Halafu mtu anasimama kwenye hitima anasema hakupenda makuu.

Mume wake, mkata mikoko mwenye maneno machache, alimuuliza uchaguzi baada ya uchaguzi amempa nani. Alijaribu kwa upole, alijaribu kwa kununa, mwaka mmoja alijaribu kwa kumletea kitenge. Somo alipokea kitenge, akapiga goti, akashukuru, na hakusema. Mzee yule alikwenda kaburini bila kujua, na Somo alipotusimulia alikuwa na machozi na kicheko kwa pamoja. Alimpenda. Hilo nalo liandikwe, maana wapo wanaodhani mwanamke anayetaka kusikika barazani lazima awe amekosana na nyumba yake.

Kilichomtia hasira ya kweli ni kadi. Wanaume wengi wa kwetu walizishika kadi za kura za wake zao, ati zisipotee. Zilikaa kwenye mkoba mmoja na leseni ya uvuvi na karatasi za mashine ya boti, na siku ya kura mume ndiye aliyezigawa, mwenye radhi naye apewe, asiye na radhi naye abaki nyumbani na mtoto. Somo alikuwa akisema mama yake alipiga kura na mtoto mgongoni, wala hakuna aliyemshikia karatasi yake, sasa hawa wametoa wapi mkoba. Alipita nyumba kwa nyumba, hodi, anakunywa uji, anasifu mtoto, na akiondoka kadi ya mama wa nyumba imehamia ndani ya mto wake wa kulalia. Sijui aliwaambia nini wanaume. Nadhani hakuwaambia kitu.

Kabla ya kugombea kata alikaa miaka mitano barazani kwa viti maalum. Sitaji baraza gani. Alikwenda na furaha, kwa mtumbwi, kisha gari, na baibui lake jipya ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe. Alikuwa na jambo moja tu la kusema. Akina mama wa visiwani wakishikwa na uchungu hawana chombo cha kuwafikisha hospitali, na maji yakipwa mtumbwi hukwama kwenye tope katikati ya mikoko mpaka bahari irudi. Alitaka boti ya wajawazito yenye injini, ikae kwenye zahanati, isifanye kazi nyingine.

Kikao cha kwanza mwenyekiti alimwambia hoja yake nzuri sana, itaingia kwenye mengineyo. Mengineyo ni ile sehemu ya mwisho ya ajenda, watu wakiwa wameshafunga mafaili na wanasikiliza harufu ya chakula. Alingoja. Mengineyo ilipofika, muda ulikuwa umekwisha. Kikao cha pili vivyo hivyo. Cha tatu, mtu wa chai alipochelewa, mjumbe mmoja alimuomba yeye amimine, kwa kuwa ni mama. Akamimina. Alituambia hivyo bila aibu, alimimina vikombe vyote, na kila kikombe alipokiweka mbele ya mjumbe alisema neno "boti". Wakacheka wakadhani ni utani. Miaka mitano, mengineyo. Alipohesabiwa ilikuwa kutimiza akidi, kikao kiwe halali.

Kisha akafa yule mwenzetu mwenye kicheko cha haraka. Uzazi wa pili, asubuhi, maji yamepwa. Somo alikuwa naye mtumbwini, kichwa cha mgonjwa mapajani mwake, na wanaume wawili wamo kwenye tope mpaka kiunoni wakisukuma. Walikwama mahali ambapo mnara wa simu wa ng'ambo unaonekana wazi. Mwenzetu alikata roho hapo, na mtoto wake baadaye kidogo. Na boti ilikuwapo. Ile aliyoililia kwenye mengineyo ilikuwa imeletwa hatimaye, miezi kadhaa nyuma, nyeupe, yenye injini, ila diwani wetu alikuwa ameichukua kwa ziara, na siku ile ilikuwa kisiwa kingine ikipeperusha bendera.

Baada ya matanga Somo alichukua fomu ya udiwani. Wazee wakamwita. Walimwambia kwa heshima zote kwamba viti vya akina mama vipo, serikali imewawekea, kwa nini aache kiti chake akagombanie cha wanaume. Aliwajibu, na jibu hilo nililisikia kwa masikio yangu kwa kuwa nilikuwa nimemsindikiza.

"Kile kiti wazee wangu nimekikalia. Kinatazama mlangoni."

Hapo ndipo unapoingia ujanja wake, na hapo ndipo ulipo msiba wake.

Uchaguzi unaangukia wakati wa kufyeka mashamba ya mpunga. Wanawake wa kwetu wanakuwa wamehamia ng'ambo, wanalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, mmoja huku na mwingine kule, mito inapita katikati. Kumtoa mwanamke huko arudi kupiga kura ni kumwomba mume mtumbwi, na mume atauliza nani atafyeka, mvua ziko njiani. Lakini hakuna mume aliyewahi kumkatalia mkewe harusi. Angeonekana si mtu. Kwa hiyo Somo akaipanga harusi ya mjukuu wake iangukie siku moja kabla ya kura, akatuma mialiko kwenye kila dungu, na chini ya kila mwaliko ujumbe wa mdomo kwamba mgeni aje na mto wake wa kulalia.

Walikuja. Mitumbwi iliingia mchana kutwa, wanawake wamebeba mito kichwani, na wanaume wakawavusha wenyewe, wakawatakia harusi njema. Sijaona kampeni nzuri kama ile, na haikuwa na kipaza sauti. Akina mama wakala, wakaimba, wakakaa kwenye mikeka, na Somo akawapamba. Ndivyo harusi ilivyo. Mwanamke hawezi kutoka harusini kwetu na vidole vitupu kama aliyefukuzwa. Aliwachovya mmoja baada ya mwingine, kumi kwa kumi, na alikuwa na furaha mno siku hiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria wino.

Mimi nilipaswa kufikiria. Harusini sikuwapo, maana siku ile nilikuwa nikiandaa kituo cha kura. Nilikuwa karani wake, mwalimu wa shule ileile ambayo darasa lake moja liligeuzwa chumba cha kura. Kazi yangu ilikuwa kutazama kadi, kutafuta jina kwenye daftari, kuliwekea alama, kisha kuchovya kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwenye chupa ya wino. Mwenye kidole chenye wino ameshapiga, haruhusiwi tena. Chaguzi zilizopita msimamizi alikuwa mtu wa kwetu, akiona piko anajua ni piko. Safari hii aliletwa mtu wa mbali, kijana safi mwenye fulana mpya, hajawahi kukanyaga harusi ya pwani.

Mwanamke wa kwanza akatoa mkono. Yule wakala niliyemtaja mwanzo akainuka kwenye benchi.

"Msimamizi, huyo ana wino tayari. Tazama kidole."

Alizaliwa kisiwani. Mke wake alikuwa na piko ileile siku ileile. Alijua.

Nikasema, "Hiyo ni piko, ya harusi. Na jina lake hapa halina alama."

Daftari lilikuwa wazi mbele yangu, jina safi, halijaguswa. Kituo chake ni hapo, hawezi kupiga pengine. Mtoto wa darasa la tatu angeelewa. Msimamizi akatazama daftari, akatazama kidole, akaniambia kidole ndicho kilichoandikwa kwenye maelekezo, na kama mwalimu ana shaka ataniandika kwenye taarifa yake kwamba nilibishana kituoni. Wakala wa Somo, mzee mstaarabu aliyechaguliwa kwa kuwa hagombani na mtu, akasema tusivunje amani. Nikanyamaza.

Wakarudishwa. Mmoja baada ya mwingine, wenye kadi zao mkononi, wengine zikiwa bado na pamba ya mto. Kupitia dirishani niliwaona wamejaa kisimani wanasugua vidole kwa mchanga, kwa majivu, kwa ndimu. Piko haitoki kwa ndimu. Inataka wiki mbili na subira. Mama mmoja alirudi kidole kinatoka damu, na chini ya damu bado cheusi, akarudishwa tena. Wanaume waliokuja kuwachukua wake zao walisimama chini ya bendera na kucheka. Nakwambia walicheka.

Somo alikuja wa mwisho. Mgombea mwenyewe. Alisimama mbele ya meza yangu, akaniwekea mikono yote miwili juu ya daftari, vidole kumi. Alinitazama mimi, hakumtazama msimamizi. Jina lake lilikuwa chini ya kiganja chake. Msimamizi akasema mama, sheria ni sheria. Nami nilikuwa nimeishika chupa ya wino kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe, na sikusema kitu.

Alishindwa kwa kura ambazo hazikufika ishirini. Waliorudishwa walizidi arobaini. Wakala wake alisaini fomu zote kwa sababu aliambiwa asaini, na tulipokwenda kulalamika tukaonyeshwa saini. Malalamiko, tuliambiwa, yalitakiwa yajazwe palepale kituoni na wakala. Diwani yuleyule akaapishwa tena. Boti ikaendelea na ziara mpaka injini ikafa, na sasa imelala pwani, kuku wanatagia ndani.

Tangu siku ile hakupamba mtu. Alivunja kibakuli chake cha piko, na maharusi wa kwetu wakaanza kupelekwa Nyamisati au hata Kibiti mjini kwa vijana wa saluni. Rangi ilimtoka polepole vidoleni, na chini yake kumbe vilikuwa vyembamba, vya kawaida. Watu walisema amevunjika moyo. Mimi sikusema, kwa kuwa nilikuwa nimeomba uhamisho. Nikahamia Kibiti, nikawa napeleka salamu kwa watu wa boti. Salamu zilijibiwa. Hakuwahi kuninyima marahaba yangu wala kuniambia neno baya, na hilo lilinikosesha raha kuliko matusi.

Miaka ikapita. Binti yangu akaposwa, na siku chache kabla ya harusi nikapata ujumbe kwamba Somo anamtaka mwali. Anataka kumpamba mwenyewe. Nilidhani wamekosea. Tukavuka. Tulimkuta barazani kwake, jicho moja limeshaingia ukungu, kibakuli kipya kimewekwa mbele yake na piko imeshakorogwa.

"Shikamoo Somo," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Umenenepa. Mlete mtoto."

Akafanya kazi mchana mzima. Mkono wake haukutetemeka, jicho lake zima ameliweka karibu na ngozi kama anayenusa. Hina miguuni, hina viganjani, kisha vidole. Kulia, vitano. Kushoto, kidole gumba, cha shahada, cha kati, cha pete. Akasimama hapo. Kidole kidogo cha kushoto akakifuta kwa pembe ya khanga yake, kikabaki kitupu. Binti yangu akasema Bibi, umesahau kimoja.

"Sijasahau. Tisa hivyo vya harusi. Hicho usimpe mtu akipake."

Akamwambia kwamba kuanzia sasa kila mwali wa kisiwani atapakwa tisa, ameshawaambia masomo wengine, wote wamekubali, na atakayeuliza aambiwe ni mambo ya ndani. Binti akacheka, akautazama mkono wake, akaupenda. Kisha akaenda kukaa juani akaushe.

Tukabaki wawili. Somo akanyoosha mkono, akasema lete na wewe, mama wa harusi huendi hivyo. Nikampa wa kushoto. Akaanza kunichovya, na sikuweza kuvumilia. Nikamwambia Somo, nilikuwapo, nilikuwa na daftari, jina lako nililiona. Nikamwomba msamaha, nikalia kama mwali aliyewekwa ndani jana.

Hakuacha kazi. Alimaliza kidole alichokuwa nacho, akapulizia.

"Kwa yule wa kwanza ulisema," akanijibu. "Nilisimuliwa. Nikajipanga wa mwisho makusudi, nikijua wewe upo pale mezani, utasema tena."

Akashika kidole changu kidogo cha kushoto, akakifuta kwa khanga ingawa hakikuwa na kitu.

"Kusamehe nilikusamehe siku ileile, mwanangu. Wewe ni mwali wangu. Lakini kura yangu sijarudishiwa."

Kisha akaniomba mkono wa kulia.